Kosa Nililofanya Kwenye Faili la Wote

Uswidi,
Mwezi wa Machi, theluji bado imekataa kuondoka

Kwa Dada yangu Namsifu,
Vudee, Same.

Shikamoo Dada. Na Mama umfikishie shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako, maana najua atauliza, "Hiyo ni ya kwako au ya kwangu?" Mguu wake unaendeleaje na baridi ya huko mlimani? Na maharage, mvua za vuli ziliyaacha au ziliyaosha? Shemeji kifua kimetulia? Mimi mwili wangu ni mzima. Nakula, nalala, na nimenenepa kidogo kwa sababu ya jibini, ambayo ni maziwa yaliyogandishwa mpaka yakawa magumu kama sabuni ya mche. Usicheke, nimeizoea, na sasa nikiikosa asubuhi natafuta wa kumlaumu.

Barua zako tatu nimezipata zote. Ya kwanza ulinisalimia, ya pili ulilalamika, ya tatu ulinitukana kwa heshima. Ulikuwa na haki. Miezi miwili kukaa kimya si tabia yangu, na leo nataka nikueleze sababu bila kupunguza kitu. Ila nakuomba uisome yote mwenyewe kwanza, ndipo umsomee Mama. Nikifika mahali pa kuruka nitakuambia.

Uliwahi kuniuliza hiyo kompyuta niliyotumwa kuisomea inafananaje, nikakujibu ovyo kwamba ni redio yenye akili. Nilikuwa na uvivu siku ile. Mashine yenyewe iko chumba cha chini, imejipanga kama makabati, na hatuioni. Sisi tunakaa ghorofani, watu kama thelathini, wanafunzi na wafanyakazi, kila mmoja na kioo chake na vitufe vinavyofanana na vya taipureta ya ofisi ya kijiji. Kazi yetu ni kuiandikia mashine maagizo, mistari maelfu na maelfu, nayo inayafuata bila kuuliza. Sasa kuandika mistari yote hiyo kunataka chombo cha kuandikia, kusahihisha, kufuta na kuhamisha. Chombo hicho nacho ni programu, na wa huku wana jina lao wanalokiita. Mimi kwa ajili yako nimekiita kihariri.

Dada, kihariri hiki ndicho kilichonifanya niipende kazi hii. Kwenye taipureta ya kijiji ukikosea herufi moja, karatasi nzima inatupwa na katibu anakununia mpaka Jumapili. Hiki ukikosea unakiambia "rudisha", kinarudi hatua moja nyuma, na nyingine, na nyingine, mpaka pale ulipoanzia asubuhi. Ukitafuta neno, hungoji umalize kuliandika. Unaandika herufi ya kwanza, kimeshaanza kukimbia. Ya pili, kimesogea. Ya tatu, kimefika kinakungoja. Kioo unaweza kukigawa mara mbili, juu ukaangalia kazi ya jana, chini ukaandika ya leo. Na kuna jambo moja ambalo Mama atalipenda, hapa msomee: ukiwa na kazi ya kurudiarudia unakiambia, "Niangalie," unaifanya mara moja tu, halafu unakiambia, "Haya, rudia mara mia mbili," na wewe unakunywa chai. Mama angekikabidhi gunia la maharage kichambue.

Lakini hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba kihariri hiki hakijamalizwa, na waliokitengeneza walitaka kibaki hivyo. Kila kitufe unaweza kukibadilisha kazi. Kama kuna amri inakukera, unaandika yako mwenyewe, na kihariri kinaipokea palepale kikiendelea na kazi, hakizimwi. Ukisahau kitufe fulani kinafanya nini, unakiuliza chenyewe, nacho kinakujibu kwa maneno aliyoyaacha yule aliyeitunga amri hiyo. Kila mtu ana faili lake dogo la mambo anayoyapenda. Ukikaa kwenye kioo cha mwenzako unajiona umeingia jikoni kwa mtu, chumvi huijui iko wapi. Halafu liko faili moja la wote, ambalo kila kihariri hulisoma kwanza kinapoamka asubuhi. Na mwanzoni mwa kitabu cha maelekezo imeandikwa kwamba atakayekiboresha kihariri asiwanyime wenzake.

Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Nikasema, kumbe na wazungu wanaijua msaragambo.

Wewe unaijua kuliko mimi. Siku ya msaragambo watu wote wa mfereji wetu tunapanda na majembe kwenda kuzoa tope kwenye ndiva, ili maji yapate bwawa la kukusanyikia, na njiani ukiona mahali mfereji unavuja huendi kumtafuta mtu wa kumwomba ruhusa. Unaziba. Anayesimama kuuliza "nizibe?" huitwa mvivu mbele ya shemeji zake. Ndivyo tulivyolelewa, na akili hiyo nilikuja nayo huku kwenye ndege. Uwanjani walipima sanduku tu.

Sasa hapa acha kumsomea Mama.

Kulikuwa na kitufe kimoja kilichonichosha. Kitufe cha kufuta mstari mzima kilikuwa jirani na cha kushuka mstari, na kidole changu, unakijua kilivyo kinene, kila mara kiliangukia pabaya. Nikatunga amri yangu: kabla ya kufuta, kihariri kiulize kwanza, "Una hakika?" kisha kingoje kujibiwa ndiyo au hapana. Niliiandika kwa Kiswahili kwa sababu ilikuwa yangu, na kwa sababu mtu akikaa miezi mingi bila kuulizwa jambo lolote kwa Kiswahili anapata kiu yake. Nilipoona imekubali nikanogewa, nikabadilisha na vitufe vingine vitatu, ili mkono wangu usihangaike. Wiki nzima sikupoteza mstari hata mmoja. Nikajiambia, Nakunda, wewe umeshaziba kwako, na wenzako wanaendelea kuvujiwa? Ijumaa jioni watu walipoanza kuvaa makoti, nikafungua faili la wote, nikaweka vitu vyangu vyote humo. Nikaenda nyumbani nikiimba.

Jumatatu nilichelewa kwa sababu ya theluji. Nilipofungua mlango nilikuta watu wamesimama, na huku watu hawasimami ovyo. Vioo zaidi ya ishirini vilikuwa vinauliza "Una hakika?" na hakuna hata mmoja aliyejua anaulizwa nini. Wakijibu kwa lugha yao, kihariri kinauliza tena, kwa adabu ileile. Mmoja alikuwa amekwisha kumpigia simu fundi akimwambia mashine imepata wazimu.

Hayo yangekuwa ya kuchekesha. Lakini yuko Bwana Arne, mtu wa makamo, mwembamba, ndiye anayetunza hesabu za kina cha maji katika maziwa na mito ya nchi hii. Siku ile aliingia kabla ya wote, kwa sababu saa sita mchana taarifa yake ilitakiwa iwe imechukuliwa. Kimoja cha vile vitufe vitatu nilivyovibadilisha kilikuwa ndicho anachohifadhia kazi yake, na amekitumia miaka sita bila kuutazama mkono. Mimi nilikuwa nimekipa kazi ya kufunga bila kuhifadhi, kwa ajili ya majaribio yangu ya kijinga yasiyohitaji kutunzwa. Asubuhi yake yote ilifutika mara moja. Gari la kuichukua likaja, likaondoka bila taarifa.

Mkuu wa chumba ni mama mmoja anaitwa Bibi Gunilla. Hapandishi sauti, na afadhali angekuwa anapandisha.

"Nani ameligusa faili la wote?" akauliza.

Nikainua mkono. Nilidhani nikieleza nia yangu wataelewa. "Ni mimi. Kulikuwa kunavuja, nikaziba."

"Ulimwuliza nani?" akasema Bwana Arne.

"Kitabu kimeandika tusinyimane."

"Kugawa ni kumpa mtu mkononi! Wewe umetumwagia kichwani!"

Bibi Gunilla akanifutia neno langu la kuingilia, yaani ule ufunguo wa kumruhusu mtu kutumia mashine, mpaka kamati ikutane. Mchana huohuo Bwana Arne akaandika barua kwa kamati kwamba niondolewe kabisa. Nikiondolewa sina mashine ya kujifunzia, na bila mashine hakuna mtihani. Wizara iliyonituma ingenipokea uwanjani bila cheti.

Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na hasira nao. Nikasema watu hawa wachoyo, wanaandika umoja kwenye kitabu na kuufungia kabatini. Hasira yangu ilidumu mpaka darajani. Pale darajani nikakukumbuka wewe, siku ile jirani yetu wa juu alipoyaelekeza maji upande mwingine, yakaingia kwenye miche ya watu, naye akajitetea kwamba alikuwa anatengeneza mfereji. Ulimwambia mbele ya wazee wote, na ulikuwa msichana mdogo: "Kuziba hakuombi ruhusa. Lakini ukigeuza maji, piga kelele walio chini wasikie." Kitufe cha kufuta kilikuwa kinavuja, sawa. Vile vitatu havikuwa vikivuja. Niligeuza maji, Dada, na sikupiga kelele. Hata huko Vudee ningelipishwa faini, tena na ndugu zangu mwenyewe.

Ndiyo maana sikuandika. Nilijaribu. Nikiandika "hatujambo huku" naona nakudanganya, nikiandika ukweli naona mkono unakataa. Wao kina Gunilla sikuwaogopa sana. Niliyekuwa namwogopa ni wewe. Mama alipovunjika mguu ilibidi mmoja wetu abaki nyumbani ashike jembe na zamu ya maji, la sivyo zamu ingepewa wengine. Wewe ulikuwa umebakiza mwaka mmoja umalize shule. Ulinifunga sweta, ukanisukuma mlangoni, ukaniambia nisichelewe kengele. Hatujawahi kulizungumza jambo hilo, na mimi ni mwoga, nalizungumza nikiwa mbali. Nilikuwa nawaza: nikirudi bila cheti, nitakuambia nimeifanyia nini ile miaka yako?

Kesho yake nilifanya kama tunavyofanya kwetu. Aliyeharibu miche ya mtu hangoji wazee wakae. Anakwenda na jembe lake mwenyewe kupanda upya, hata kama mwenye shamba hataki kumtazama. Nikaenda kwenye meza ya Bwana Arne na kalamu na daftari.

"Nimekuja kupanda upya," nikamwambia.

Akaniangalia kama mtu aliyesikia mbuzi akiongea. Nikamweleza kwa maneno ya kawaida: anisomee karatasi zake alizoandika kwa mkono, mimi niziingize upya.

"Huna ruhusa ya kuingia kwenye mashine."

"Sina. Nitaandikia kwako, na wewe uwe unaangalia kila herufi."

Alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha. Halafu akavuta kiti cha pili kwa mguu. Huku ndiyo karibu yenyewe.

Tulifanya kazi siku nne, maana kila tarakimu aliikagua mara mbili. Siku ya pili niliona kwamba kila akimaliza mstari wa tarakimu anasogeza nafasi kwa mkono, moja moja, ili safu zinyooke. Mamia ya mistari, na anasogeza kwa mkono. Nikavumilia, nikashindwa. Nikamwambia, "Bwana Arne, kiambie kikuangalie." Hakujua. Miaka sita na kihariri hicho, hakujua kinaweza kuangalia na kurudia! Alikuwa ameshika vitufe vyake kumi anavyovizoea na hakuwahi kutoka nje ya hapo. Basi tukanyoosha mstari mmoja polepole, tukakiambia kirudie, na tarakimu zikashuka zikijipanga mpaka chini ya kioo. Bwana Arne akacheka. Ndiyo siku niliyojua ana pengo.

Kuanzia hapa unaweza kumsomea Mama, na hata sauti uiongeze.

Kamati ilikuja kukutana baada ya wiki tano. Tulikaa mezani watu wanane, mimi nikiwa nimevaa ile blauzi uliyonishonea. Bibi Gunilla akatoa barua ya Bwana Arne ili aisome. Bwana Arne akasimama.

"Barua hiyo ni yangu?"

"Ni yako."

"Basi naomba nirudishiwe."

Akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni, akakaa. Mimi macho yaliniuma, nikajifanya nimeingiwa na uchafu, na mwenzangu mmoja mwema akanipa leso kwa ajili ya huo uchafu.

Bibi Gunilla akasema neno langu la kuingilia nitarudishiwa siku hiyohiyo na mtihani nitafanya. Kisha wakaweka kanuni. Hakuna atakayeligusa faili la wote kabla hajaandika kusudi lake kwenye ubao na kungoja wiki moja, ili mwenye neno aseme. Nikawaambia, "Kwetu tunapiga kelele, lakini ubao pia unafaa." Na pembeni litakuwepo faili lingine la hiari, mtu akitunga jambo anaweka humo na maelezo yake, anayetaka anachukua, asiyetaka anabaki na vitufe vyake kumi kwa amani. Vile vitatu vyangu, vilivyokuwa vimeondolewa tangu Jumatatu ile, havikurudi. Ile amri ya kuuliza kabla ya kufuta wakasema ni nzuri, iwe ya kwanza kuingia kwenye faili la hiari.

Nusu ya chumba wameshaichukua. Niliwaandalia swali kwa lugha yao, lakini Bwana Arne amekataa, kwake limebaki kwa Kiswahili. Wiki iliyopita wakati wa kahawa, kijana mmoja alinyoosha mkono kuchukua mkate mtamu wa mwisho, na Bwana Arne akamwambia kwa sauti kubwa, "Una hakika?" Yule kijana akaurudisha. Sasa ni msemo wa chumba kizima, na wanautamka vibaya sana, lakini mimi nikiusikia nafurahi siku nzima.

Jambo moja nilikuwa sijakuambia. Siku ile ya kamati, tulipotoka, Bibi Gunilla alikuja kusimama nyuma ya kiti changu. Akasema kila amri inayoingia kwenye faili la hiari lazima iwe na jina, kwa sababu mtu akiitaka ataiandika kwa jina hilo, na mashine itaifuata. Akaniambia, "Ipe jina." Sikufikiri. Niliandika namsifu. Kwa herufi ndogo, nisamehe, mashine hii haina heshima na majina ya watu.

"Hilo ni neno gani?" akauliza.

"Ni jina la mtu."

"Mwanafunzi mwenzako?"

"Angekuwa," nikamwambia.

Bibi Gunilla akasogeza kiti akakaa, akafungua faili lake mwenyewe, akaandika jina lako kwa kidole kimoja kimoja, akinitazama kila herufi ili asikosee.

Mtihani ni mwezi wa sita. Nimejiandaa na siogopi. Bibi Gunilla ameniuliza kama ningependa kubaki miaka miwili zaidi, nikamwambia nimeshukuru lakini hapana, wizara inaningoja, na mlimani nangojwa pia. Nitafika mnapovuna mahindi. Usimtume mtu kunipokea Same, nitapanda mwenyewe, miguu bado inajua njia.

Nisalimie mama yetu, na umwambie sweta aliyofuma naivaa ndani ya koti kila siku. Nisalimie shemeji, aache kulala na madirisha wazi. Nisalimie mwinjilisti wetu, nimeona kwamba huku nao wanaimba nyimbo zetu za Jumapili, ila wanaziimba wamekaa. Balozi wetu wa nyumba kumi umpe salamu na pole kwa sukari ya mgao, najua watu wanamgombeza yeye kana kwamba ndiye anayeipika. Mwalimu wa darasa la watu wazima umwambie nasikia unakwenda, na unakaa mstari wa mbele, na nimefurahi mpaka nimeshindwa kula.

Na wewe Dada, nina ombi moja, na usibishane nami kama kawaida yako. Nikifika, zamu yetu ya kwanza ya maji itakapoangukia alfajiri, usiniamshe tuende wote. Niachie jembe mlangoni. Wewe ulale.

Mdogo wako anayekupenda,
Nakunda